Beji Kifuani, Nyumba Ukurasa wa Nne

Ukikaa na wenye BnB wa Kisumu, wanaokodisha nyumba kwa usiku kupitia tovuti ya Airbnb, wawe wa Milimani kwenye nyasi zilizonyolewa au wa Mamboleo kwenye vumbi, kilio ni kimoja: "Nyumba yangu imepotea." Haijapotea. Iko palepale, keateka, mtunza nyumba, anasinzia kwenye kiti chake, tanki limejaa. Kilichopotea ni nafasi yake kwenye simu ya mtu anayetafuta pa kulala. Juzi ilikuwa ya tatu kutoka juu. Leo mgeni anateremka, anateremka, kidole kinachoka, anakutana na nyumba ya Ahero kabla ya yako. Ahero, kwa heshima zote, tunaijua kwa mchele.

Mbane mwenye nyumba vizuri atakwambia: alikataa wageni. Wa kwanza jina halikumkaa sawa. Wa pili angefika saa tano usiku. Wa tatu tarehe zake ziligongana na shemeji anayekuja kutibiwa. Wa nne hakumkataa, alimnyamazia tu, kwa ile imani yetu kwamba jambo usipolitazama litaondoka lenyewe.

Sasa huyo wa nne ndiye wa hasara. Airbnb humpa mwenye nyumba masaa 24 kujibu ombi. Ukikataa ndani ya muda huo, umekataa lakini umejibu. Kiwango chako cha kukubali kinashuka, kile cha kujibu kinabaki. Ukinyamaza mpaka muda uishe, umeharibu pia cha kujibu. Huku kwetu kunyamaza ni adabu, mtu mzima ataelewa. Mashine haijalelewa hivyo.

Halafu kuna hesabu inayomwonea mwenye nyumba moja. Umepata maombi 10 kwa mwaka, umekataa 4, umebaki na asilimia 60. Jirani mwenye jengo zima amepata maombi 100, akakataa wanne vilevile, yeye ana 96. Kosa moja, hukumu mbili. Na kumbukumbu hiyo ni ya siku 365, kwa hiyo shemeji wa Machi utakuwa unamlipia mpaka Machi ijayo, yeye ameshapona zamani na hajui lolote.

Kinachochekesha ni kwamba beji ya Superhost, ile ya mwenyeji bora, haikuguswa. Beji inataka wastani wa nyota 4.8, kujibu asilimia 90, kufuta uliowakubali chini ya asilimia 1, na wageni 10 au zaidi kwa mwaka (au makazi matatu marefu yanayofika usiku 100). Inakaguliwa mara nne kwa mwaka. Kukataa ombi hakumo kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana unaona mtu ana beji kifuani inang'aa, na nyumba yake imezikwa ukurasa wa nne kama shahidi aliyefichwa.

Ila tusimsingizie kukataa kila kitu. Kabla ya kulia, chukua simu ya mtu mwingine, isiyoingia akaunti yako, utafute nyumba kama mgeni: weka tarehe, weka idadi ya watu. Usitumie simu yako. Matokeo hupangwa kwa kumtazama anayetafuta, na wewe mashine inakujua, unaingia kujitafuta mara ishirini kwa siku na hujawahi kulala. Ukitafuta watu watatu na wewe uliandika nyumba ni ya wawili, hutaonekana kabisa, hata ukurasa wa mia. Ukiwa umeweka idadi ya chini ya usiku kuwa 2 na kalenda imebakisha Ijumaa peke yake katikati ya wageni wawili, Ijumaa hiyo haipo duniani. Na kuna waliofunga kalenda nzima wakati wa kupaka rangi, wakasahau kuifungua. Rangi imekauka, imeanza kubanduka, bado wanalaumu mashine.

Bei nayo. Tangu 2025 mgeni anaonyeshwa jumla, pamoja na ada ya usafi. Usiku wako ni 4,000, usafi 1,500. Mgeni wa usiku mmoja anaona 5,500, jirani anaonyesha 4,500 na mashuka ni yaleyale ya soko la Kibuye. Mgeni wa usiku mbili kwako ni 9,500, yaani 4,750 kwa usiku, hapo unapumua. Ada kubwa ya usafi humla mgeni wa usiku mmoja, na yeye ndiye mwingi Kisumu katikati ya wiki: mtu wa semina, mtu wa kesi, mtu wa ndege ya asubuhi.

Sasa, kukataa kuna dawa, nayo ni kukataa kabla hujaombwa. Tarehe uliyoifunga kwenye kalenda haihesabiwi kwamba umekataa mtu. Unajua kabisa Desemba ukoo wote utatua kwako na magodoro hayatatosha. Basi mwezi wa sita funga kuanzia Desemba 20, usingoje ombi la mtu wa Nairobi lije Desemba 18 uanze kuandika "pole, kuna dharura". Krismasi si dharura, omera, inajulikana tarehe.

Anayefika usiku, mrekebishe kwenye muda wa taarifa, yaani mgeni aombe muda gani kabla ya kufika. Kama keateka anakaa Nyamasaria na anaondoka jioni, weka taarifa ya siku moja, au uweke saa ya mwisho ya kupokea maombi ya siku hiyohiyo. La bora zaidi ni kasanduku ka ufunguo ka namba ukutani, na ubadilishe namba kila mgeni anapotoka. Hapo saa tano si tatizo tena. Na unapowakataa watu wa matanga unajikosea. Wametoka Nairobi Ijumaa, kilomita kama 350, wanafika wamechoka hawataki hata runinga, alfajiri wameondoka kwenda mazishini, sufuria hazijaguswa. Tope la viatu? Weka gunia mlangoni. Hakuna mgeni bora kuliko mtu ambaye anataka kulala tu.

Wenye nyumba kwenye tovuti mbili wana ugonjwa wao. Wameunganisha kalenda, wakadhani zinaongea papo hapo. Haziongei papo hapo, zinapelekeana salamu kila baada ya masaa kadhaa, kama wake wenza. Katikati ya hapo wageni wawili wanaingia tarehe moja, na mmoja lazima umkatae, au mbaya zaidi, umfute. Ukipokea mgeni kwenye tovuti moja, ingia ile nyingine ufunge kwa mkono, hapohapo.

Maana kufuta uliyemkubali ni moto wa aina nyingine. Zikibaki zaidi ya siku 30 mgeni afike, faini ni asilimia 10 ya malipo ya mgeni. Ndani ya siku 30, asilimia 25. Chini ya masaa 48, asilimia 50, na haishuki chini ya dola 50. Tarehe zenyewe zinafungwa usiziuze tena. Kwa hiyo ukisikia mkutano mkubwa unakuja, kama ule wa Africities, wa miji ya Afrika, uliofanyika hapa Mei 2022, panda bei kwenye kalenda siku unayosikia. Usimkubali mtu kwa 4,000 halafu ukumbuke wiki ya mwisho kwamba mji umejaa.

Na wewe unayekataa ombi ili mgeni akulipe kwa M-Pesa pembeni, mpunguziane. Tuseme ada yako ya mwenyeji ni asilimia 3. Usiku wa 4,000 hiyo ni shilingi 120. Umevunja masharti, umepoteza tathmini ambayo angekuandikia, umejiongezea kukataa kumoja, kwa pesa isiyokutoa Milimani mpaka Kondele kwa boda na kurudi.

Aliyekwisha kuzama, asifute nyumba aanze upya. Atapoteza tathmini zote abaki na picha za sofa. Ashushe bei kidogo wiki tatu au nne, afungue hata usiku mmoja mmoja, abadilishe picha ya kwanza (chumba mchana, pazia wazi, si choo), akubali kila kinachokubalika. Huku yale ya zamani yanazeeka yakitoka kwenye hesabu.

Anabaki yule wa sherehe. Jumamosi, usiku mmoja, watu wawili, anaishi hapohapo mjini. Wazee waliweka mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Wewe weka wikendi usiku mbili, ada ya kila mtu anayezidi wawili, na kanuni iliyoandikwa kwamba wageni wa wageni hawaingii getini. Wengi watapita wenyewe bila wewe kukataa mtu. Usimhukumu kwa jina wala kabila, hiyo ni marufuku, na picha yake hutaiona mpaka umkubali, kwa hiyo acha kuchungulia. Soma anachouliza. Kama bado ni swali tu na si ombi, huna haja ya kubonyeza kukataa. Swali haliingii kwenye kiwango cha kukubali, linataka jibu ndani ya masaa 24, basi.

Akiuliza sebuleni kuna soketi ngapi, mjibu: mbili, moja ni ya friji.