George Michael na Sony: aliyeshindwa kesi hakukosa hoja

Juni 1994, Jaji Jonathan Parker wa Mahakama Kuu ya London aliamua kwamba mkataba wa mwimbaji wa Uingereza George Michael na kampuni ya muziki ya Sony, ambao yeye alitaka mahakama imfungue nao, ni halali, na mwanamuziki huyo ataendelea kubanwa nao. Mashabiki wengi huisimulia kesi ile kama kisa cha mnyonge na dude kubwa. Ukisoma mambo yalivyokwenda, mnyonge mwenyewe haonekani mnyonge sana.

Albamu ya Faith ilitoka 1987 ikatikisa dunia. Mwaka uliofuata aliketi na mawakili wazoefu, mkataba ukafanyiwa marekebisho, akapata malipo makubwa ya awali na mrabaha (fungu lake la mauzo) mnono zaidi. Hata mkataba wa kabla ya hapo, wa 1984, ulitokana na kumaliza mzozo wake na lebo (kampuni ya kurekodi) ya kwanza, Innervision. Kwa jaji, mtu aliyekwishajadiliana mara mbili, tena akiwa na washauri wa aina hiyo, hawezi kusema alionewa.

Kisha ikaja albamu ya Listen Without Prejudice ya 1990. Jalada halina uso wake, limejaa umati wa watu ufukweni Coney Island, New York. Kwenye video ya Freedom! '90, wimbo wa albamu hiyo, wanaonekana wanamitindo kina Naomi Campbell na Linda Evangelista, yeye hayumo. Koti lake maarufu la ngozi linateketezwa. (Video nzuri mno, lakini meneja wa mauzo lazima alikosa usingizi.) Uingereza albamu ilishika namba moja, ila Marekani haikuifikia Faith, naye akadai Sony hawakuitangaza ipasavyo. Hapo Sony nawaelewa.

Lakini tuutazame mkataba wenyewe. Ulimdai hadi albamu nane. Lebo ndiyo iliyokuwa na hiari ya kuendelea au kuacha. Msanii hakuwa nayo. Gharama za kurekodi zilikatwa kwenye mrabaha wake, na bado rekodi zikabaki mali ya kampuni: fundi ananunua mbao, kitanda kinabaki cha mwenye karakana. Sony wangejibu kwamba faida ya nyota mmoja hufidia hasara ya wasanii wengi wasiouza, na hilo ni kweli. Ila halielezi kwa nini umiliki usirudi kwa msanii baada ya miaka kadhaa.

Mimi nadhani jaji aliyapa uzito kupita kiasi mazungumzo ya 1988. Ndiyo, George alikuwa na Faith mkononi, na Sony walikuwa na kila sababu ya kumbembeleza. Lakini hakuna lebo nyingine iliyoruhusiwa kutaja bei. Alikuwa akidai nyongeza kwa mwajiri ambaye yeye hangeweza kumwacha, na mnyororo huo ulianza 1982, kijana wa miaka 18 alipotia saini Innervision pamoja na Andrew Ridgeley, mwenzake wa kundi la Wham!

Uhuru wake hatimaye ulinunuliwa: 1995 lebo za Virgin na DreamWorks ziliwalipa Sony, akaondoka. Albamu ya Older ikatoka 1996, karibu miaka sita baada ya albamu iliyotangulia, na miaka hiyo ilikuwa ya ubora wa sauti yake. Mwaka 2003 alirudi Sony, nao wakatoa albamu ya Patience mwaka uliofuata. Safari hii alikuwa na miaka 40, hadaiwi albamu na mtu, na angeweza kukataa akaenda kwingine.