Alumini Haina Haya

Mimi chuma nakifahamu. Mageti na madirisha ya watu Nyakato nimeyachomelea sana, na chuma ukikitia moto kinaona haya: kinakuwa chekundu, kinazidi kung'aa, unajua kabisa hapa nipunguze. Alumini haina haya hata chembe. Inakaa vilevile, nyeupe, imetulia, inakuangalia. Halafu inakudondokea mguuni.

Eti ndiyo fani mpya ninayojifunza: tigi, yaani kuchomelea kwa umeme huku gesi ikiukinga mshono, tena kwenye bati la alumini la milimita moja na nusu. Fundi wangu aliniambia ukiijua hii kazi hela ziko nje nje. Ziko nje kweli, maana ndani kwangu hazijaingia.

Kazi yenyewe inadai viungo vyote. Mkono wa kulia unashika tochi ya kuchomelea, ncha ya tangsteni ikae milimita mbili tatu juu ya bati. Ikigusa tu imechafuka, rudi kwenye grenda uichonge upya. Wa kushoto unachovya waya wa kujazia mshono. Mguu unakanyaga pedali ya kupandisha na kushusha moto. Pua ikiwasha, iwashe. Jirani alichungulia akaniuliza, siku hizi unashona suruali?

Halafu hii takataka inavaa ganda! Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wa oksidi ulioko juu yake unasubiri mpaka 2,000 na ushee. Ndani kumeshakuwa maji, nje kumenuna. Ndiyo maana mashine inawekwa AC, umeme wa kwenda na kurudi: ukienda unayeyusha, ukirudi unabandua ganda. Na kabla ya hapo usugue kwa brashi ya stenlesi isiyowahi kugusa chuma kingine, kisha ufute mafuta kwa asitoni. Nikaenda duka la vipodozi kuulizia ya kufutia rangi ya kucha. Dada wa pale akanitazama vidole, akatabasamu, akanipa yenye manukato na mafuta ya kulainisha kucha. Fundi aliinusa, akanirudishia bila neno.

Upepo nao. Ule wa ziwani ambao watu wa Capri Point wamejengea vibaraza ili uwapulize, mimi naukimbia. Ukiingia mchana unaipeperusha agoni, ile gesi ya kukinga mshono niliyoinunua kwa jasho, mshono unabaki mweusi, una vitundu kama andazi. Haya, funga mlango. Sasa uko chini ya bati la Mwanza, saa nane mchana, na koti la ngozi.

Moto ndio hata sitaki kuuongelea. Kanuni inasema takriban ampea 40 kwa kila milimita, basi mimi 60 zinanitosha. Zinatosha wapi! Mwanzoni bati linaunyonya moto wote, hakuna kinachoyeyuka, unakanyaga. Ukifika katikati bati zima limeshapata joto, zile zile 60 sasa ni balaa, achia mguu. Na usiachie ghafla mwishoni, maana kishimo kinachobaki kinapasuka. Mguu wangu umezoea breki ya pikipiki. Mambo ya polepole haukufundishwa.

Juzi akaja mama lishe wa Mwaloni na sufuria yake.

"Mwangaluka, baba. Kitundu tu hapa, elfu moja nakupa."

Sufuria imekaangiwa sangara miaka na miaka, mafuta yameingia mpaka kwenye uti wa mgongo wake. Nikamweleza kuhusu mafuta, oksidi, agoni. Akasema yeye hajaleta agoni, ameleta sufuria.

Nikasugua, nikafuta, nikafunga mlango, nikakanyaga. Ikachemka povu jeusi, ikatulia, nyeupe, inaniangalia. Kitundu kikaja juu. Nikakifuata, kikazaa wenzake.

Mama akainyanyua kwenye mwanga, akahesabu kwa kidole.

"Mimi nilileta kimoja," akasema. "Hivi vingine ni vyako. Sasa nani anamdai mwenzie?"