Reli, pango na baa za Soho

Kijiweni kwetu Ujiji, kahawa na kashata zikizunguka, juzi mazungumzo yaliangukia jambo ambalo huku watu huliongea kwa kunong'ona: mitaa ya starehe ya wapenzi wa jinsia moja huko Ulaya, na kwa nini inafifia. Jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa na jibu moja. "Uhuru wameshapata. Baa za kukimbilia za nini tena?"

Hoja yake si ya kupuuzwa. Soho ya London ilijaa kwa sababu watu hawa hawakuwa na pa kwenda. England ilikuwa ikiwafunga wanaume wa aina hii mpaka sheria ilipolegezwa mwaka 1967, na hata baada ya hapo mtaani hapakuwa salama. Aprili 30, 1999, bomu la misumari liliua watu 3 ndani ya baa ya Admiral Duncan, Old Compton Street. Tangu 2014 wanaoana kisheria, na mwenza anatafutwa kwa simu. Mwenye kazi nzuri na nyumba yake anaweza kukaa mtaa wowote akaishi kwa amani.

Lakini hesabu inanipeleka kwingine. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL walihesabu kumbi za namna hii London nzima: 125 mwaka 2006, 53 mwaka 2017. Hawakukuta kwamba wateja wameisha. Walikuta pango limepandishwa, mikataba imebadilishwa, majengo yamevunjwa kupisha miradi. Ukumbi wa Astoria, ambako maelfu walicheza kwenye usiku wa disko wa watu hawa ulioitwa G-A-Y, ulibomolewa 2009 kupisha reli mpya.

Reli! Watu wa Ujiji hatuhitaji kufafanuliwa. Mwaka 1914 Reli ya Kati iliishia jirani, Kigoma, kwenye maji ya kina, badala ya kufika hapa kwetu kwenye soko la misafara, na biashara ikaifuata. Hakuna aliyechoka kuuza wala kununua hapa. Njia ilihama tu. Miembe ya misafara bado imesimama, na chini yake siku hizi utakuta mbuzi wamelala kivulini.

Sisemi reli isijengwe. Bandari ya Kigoma inalisha watu wengi, na treni ile ya London inabeba mamilioni. Wala sisemi baa zile zilikuwa paradiso: pombe ilikuwa nyingi, na wanawake na watu weusi wamelalamika miaka mingi kwamba Soho iliwakaribisha zaidi wanaume weupe wenye fedha. Tena kumbi chache zilizokuwa zao hao ndizo zilizokuwa dhaifu zaidi pango lilipopanda. Hilo ndilo linaloniuma. Kijana aliyefukuzwa kwao simu itampa mtu wa kukutana naye. Haitampa chumba chenye watu wazima waliokwisha kupita alikopita.

Fundi alinyamaza kidogo, akauliza kama angalau walifidiwa. Nikamweleza kuhusu Joiners Arms, baa ya London mashariki iliyofungwa 2015. Wateja wake walipiga kelele, na mwaka 2017 halmashauri ya Tower Hamlets ikamwekea mwekezaji sharti: jengo jipya litenge nafasi ya baa ya watu walewale.

"Hapo sawa," akasema, akasogeza kikombe kijazwe.