Vipimo Viko Sawa, Mbona Bado Nimechoka?

"TSH yako iko sawa, endelea na dozi hiyo hiyo." Kwa wengi wetu tunaotibiwa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iliyopunguza kazi, kliniki huishia hapo: TSH ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha mwilini. Unatoka na karatasi nzuri na uchovu wako ule ule. Msimamo wangu ni kwamba jibu hilo halitoshi.

Uchovu huu hauondoki kwa kulala. Unaamka mwili mzito, unaanza kukunja nguo, unafika nusu, zilizobaki unazisogeza pembeni ya kitanda na kujinyoosha. Nyumbani wanaanza kusema umekuwa mvivu siku hizi. Neno hilo linauma kuliko ugonjwa wenyewe, na ningependa ndugu za wagonjwa waliache kabisa.

Tuanze na dawa. Levothairoksini, kidonge cha kuziba pengo la homoni ya tezi, haifanyi kazi kama dawa ya maumivu ya kichwa. Hujijenga mwilini taratibu, ndiyo maana dozi ikibadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kwa hiyo aliyeongezewa dozi juzi ajipe muda, na asijiongezee kidonge mwenyewe: ikizidi, moyo huenda mbio na mifupa hudhoofika.

Halafu kuna suala ambalo dirishani pa dawa ni nadra kuelezwa vizuri. Kidonge hiki kinataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Sasa fikiria asubuhi zetu: chai ya maziwa, au uji wa lishe uliochanganywa na soya. Vyote hivyo vinaweza kupunguza dawa inayoingia mwilini. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu ndivyo vibaya zaidi, vinatakiwa vikae mbali nayo kwa saa 4. Mama mjamzito anapewa vidonge vya chuma kliniki, anavimeza pamoja na vya tezi ili asisahau, na hakuna aliyemwambia. Tena ujauzito wenyewe mara nyingi hudai dozi kubwa zaidi, hivyo daktari wake wa tezi aambiwe mapema.

Na kama unameza ipasavyo na TSH kweli iko sawa? Basi uchovu utafutwe kwingine. Upungufu wa damu, kisukari, sonona, kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika usingizini: vyote vinachosha, na tezi isibebeshwe lawama peke yake. Wenye ugonjwa wa Hashimoto, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupungukiwa vitamini B12. Kuomba kipimo cha vitamini hiyo si ukorofi.

Wakati majibu yanatafutwa, maisha yanaendelea. Mimi kazi nzito nazifanya kuanzia saa nne asubuhi, mwili ukiwa umefunguka, na jioni sipangi jambo la kichwa. Nafua kidogo kidogo. Natembea hata siku ambazo sijisikii, ila nageuka kabla sijaishiwa.

Ukirudi kliniki, usiseme tu "nachoka". Sema unachoshindwa kufanya: "Daktari, nikifua mashuka mawili lazima nilale. Tezi iko sawa, tuangalie nini kingine?" Na daktari, tafadhali, usifunge faili kabla hujalijibu swali hilo.