Maganda ya korosho na swali la "dawa iko wapi?"

Fedha za utafiti zikitajwa huku Kusini mwa Tanzania, swali huwa lile lile: mgonjwa wa Newala anayehitaji mionzi bado anapanda basi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, sasa mkemia anayeunda kampaundi mpya za heterosaikliki (zenye pete ya atomi za kaboni iliyochanganyika na atomi nyingine, kama naitrojeni, oksijeni au salfa) na kuzijaribu juu ya bakteria na seli za saratani maabarani anatufaa nini? Swali ni la haki. Makala za aina hiyo ni nyingi, na nyingi huishia kwenye jedwali la matokeo.

Ila wanaouliza hawajatazama kabati la dawa la zahanati yao. Septrini, flajili, albendazo, penisilini: zote ni kampaundi za heterosaikliki. Uchambuzi wa mwaka 2014 wa dawa za molekuli ndogo zilizoidhinishwa Marekani ulikuta 59% zina pete yenye naitrojeni. Zaidi ya nusu, na pete zenye oksijeni bila naitrojeni hazimo katika hesabu hiyo! Mtu atasema ni mazoea ya wakemia tu, hutengeneza wanachokijua. Kiasi ni kweli. Lakini hata besi za DNA, yaani herufi za maandishi ya urithi, ni pete hizo hizo, na molekuli inayofanana nazo inaweza kuivuruga seli inapojigawa.

Ndivyo walivyofanya wanasayansi wa Marekani Gertrude Elion na George Hitchings. Kufikia 1951 walikuwa wameunda na kujaribu purini (pete za aina iliyomo kwenye besi za DNA) zaidi ya 100, tena kwa bakteria, Lactobacillus casei. Humo ikatoka merkaptopurini, iliyoidhinishwa 1953 na inayotibu leukemia (saratani ya damu) ya watoto hadi leo. Aliyewauliza miaka michache kabla ya hapo dawa iko wapi angeonyeshwa chupa za kampaundi zilizoshindwa.

Wapinzani wana hoja moja nzito: kuua seli za saratani kwenye sahani si kazi, hata jiki huziua. Kampaundi isiyojaribiwa pia kwa seli zenye afya haijatuambia kitu, na ripoti nyingi huruka kipengele hicho. Hapo siwatetei wakemia.

Kwetu Mtwara na Lindi malighafi ipo. Mafuta ya maganda ya korosho, yanayounguza vidole vya akinamama wabanguaji, yana asidi ya anakadi, ambayo maabarani huzuia bakteria kadhaa, akiwemo Staphylococcus aureus. Ikipashwa moto hupoteza kabonidayoksaidi na kuwa kadanoli. Pete ya kadanoli ni ya kaboni tupu. Mkemia ndiye huiongezea ya pili, yenye naitrojeni, kisha hupima kama nguvu imezidi au imepungua. Kazi hiyo inahitaji maganda, nasi tunauza korosho nyingi zikiwa ghafi, maganda yake yakienda India na Vietnam pamoja nazo. Anayelalamika kuwa maabara hazizai angeanza kuuliza hapo bandarini.