Mkia Kwenye Kaimati

Kwetu Lamu mjusi hafugwi, mjusi hupigwa kubadhi. Bibi yangu anashikilia kwamba mjusi kafiri ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahim uzidi kuwaka, na anayemuua kwa pigo la kwanza ana thawabu mia. Kubadhi lake la kulia limelika kuliko la kushoto. Na nyumba hiyo hiyo, Mkomani, ndiyo niliyoona inafaa kufugia.

Chanzo ni binamu yangu aliyeko Leicester. Anafuga mjusi wa Afrika Magharibi, wale wenye mkia mnono. Alipotuonyesha kwenye simu, Bibi alisogeza miwani akasema, "Mkia kama wa kondoo wa Kisomali!" Ni kweli. Akiba ya mafuta yote iko mkiani, siku za njaa anaishi kwa huo. Tena ana kope, hufumba na kufumbua macho kama mtu aliyeamshwa kula daku. Anaweza kupita miaka 15, yaani binamu yangu ana mke wa pili pale.

Nikatamani. Lakini kumleta mnyama kama huyo huku ni vibali juu ya vibali, na mimi hata bando naazima. Nikainua macho. Juu kwenye boriti, kando ya taa, wamejipanga sita, bure. Nikasema basi, mmoja nitamnonesha mkia mwenyewe.

Binamu alikuwa ameniambia wake hawezi kupanda ukuta, vidole vyake havinati, akiwa ndani ya kioo ametulia. Mimi nilishika neno "kioo" tu. Usiku wa kwanza nilimtia wangu kwenye bakuli la kioo la Mama, na kabla sijamaliza bismillahi ameshafika kwenye boriti. Wa pili nikamweka kwenye mkebe wa aiskrimu wenye kifuniko, nikautoboa kwa sindano, nikauficha kwenye kidaka nyuma ya sahani za maonyesho. Nikamwita Shaibu.

Chakula kilikuwa mende. Leicester huwapaka wadudu unga wa kalisiamu. Kalisiamu si chokaa? Na chokaa ipo, kwenye kijaluba cha uraibu cha Bibi. Shaibu alimwonja mende mmoja akamtema. Kesho yake Bibi alikuta mguu wa mende kwenye chokaa yake, akaapa hanunui tena kwa yule muuza tambuu. Nilinyamaza. Maskini yule baba.

Usiku nilimmulika kwa simu nikingoja anikonyeze kama yule wa kwenye video. Wapi! Alitoa ulimi akajilamba jicho, polepole, kama mzee anayefuta miwani. Kope hana. Wiki ya tatu mkia ulikuwa vile vile, uzi, ila tumbo limejaa. Nikammulika kutoka chini: ngozi inapitisha mwanga, na ndani mna vitu viwili vyeupe, mviringo, kama tembe. Mayai. Shaibu alikuwa mja mzito.

Ijumaa hiyo hiyo wakaja wageni wa posa. Posa yangu mimi. Wanaume wakabaki chini dakani, wanawake wakapanda juu, nami nimefukizwa udi hadi naona kizunguzungu. Sinia likawekwa katikati: kaimati zinazong'aa shira, sambusa, birika la kahawa. Mama akamwambia mdogo wangu, "Lete visheti, vimo kwenye mkebe wa aiskrimu."

Kila aliyelelewa pwani anajua ndani ya mkebe wa aiskrimu hamna aiskrimu. Mdogo wangu akaenda kidakani.

Nilipoona vile vitundu vya sindano ulimi ulinikauka. Mama akafunua. Shaibu akaruka moja kwa moja kwenye sahani ya kaimati, Mama akampiga kofi, Shaibu akapita na mkia ukabaki. Ukabaki unacheza! Umenasa kwenye shira, unajipinda, unagonga kikombe, tk, tk, tk, na wageni sita wameinama wanautazama. Mwenyewe alikuwa ameshaingia kwenye mkono wa buibui la shangazi yake mchumba.

Bibi alishavua kubadhi. "Kafiri! Kafiri!" Pigo la kwanza likatua begani kwa shangazi. La pili likaangusha birika. La tatu sijui, nilikuwa nimejifunika ushungi.

Kule chini wanaume walisikia mambo mawili tu: kishindo, na sauti ya mwenye nyumba ikiita wageni makafiri. Ami yake mchumba akasimama, akatafuta viatu vyake. Baba akapanda ngazi mbili mbili, na kabla hajabisha hodi akamsikia mama yake mchumba akicheka, kicheko cha kushika ukuta. "Mwambieni mwanangu," anasema huku anajifuta machozi, "huyu hana haja ya mahari, ana mifugo yake."

Nikaolewa. Mahari nilipewa, asanteni.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kumwamkia Bibi. Alikuwa amelala chali kitandani, anatazama boriti. "Ndoo utizame," akaniambia. Pale karibu na taa alikuwepo mmoja mwenye mkia mpya, mfupi, rangi mbali na mwili, umevimba kama kipande cha muhogo. Kubadhi la Bibi lilikuwa chini ya kitanda, mguuni hana.

"Kondoo wako huyo," akasema. "Jana kala mende wawili."