Bustani ya Muliro: wa kujitolea waje, lakini mshahara wa mtunza bustani ubaki

Kila bustani ya mji inapoanza kuchakaa hapa Magharibi mwa Kenya, husikika rai ileile: serikali ya kaunti haina pesa, basi wananchi wajitolee. Kwa Bustani ya Muliro mjini Kakamega rai hiyo inagusa zaidi, kwa kuwa pale ni zaidi ya nyasi na viti. Masinde Muliro alikuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Mwaka 1991 alikuwa mstari wa mbele vuguvugu la FORD lilipodai vyama vingi, na akafariki Agosti 1992, miezi michache kabla ya uchaguzi uliotokana na madai hayo. Mji ulioipa bustani yake jina la mtu kama huyo una deni la kuitunza. Swali ni deni hilo lilipwe na nani.

Kisheria jibu halina utata. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 inaweka bustani na sehemu za burudani za umma chini ya kaunti. Kwa hiyo anayekuja Jumamosi na jembe lake kutoka nyumbani anasaidia kazi ambayo tayari kuna mtu anayelipwa kwa kodi zetu aifanye. Hilo halimzuii kusaidia, ila lisisahaulike.

Wanaounga mkono kujitolea huanza na mila, na wana haki. Wajaluo wana saga, Abagusii wana risaga: majirani wanaingia shamba la mmoja leo, kesho la mwingine, na mwenye shamba anapika. Sioni sababu ya moyo huo kukomea kwenye mpaka wa shamba. Lakini tuitazame saga ilivyo. Inadumu kwa sababu kila anayelima anajua zamu yake ya kulimiwa itafika, na asiyekuja kwa wenzake anajulikana kwa jina. Bustani ya umma haina mwenye shamba wa kupika, wala zamu ya kurudishiwa. Tukiiga saga bila malipano yake, tutapata umati siku ya kwanza na watu wachache waliochoka kufikia mwezi wa tatu.

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote, kwangu mimi, haihusu kazi ya mikono kabisa. Inahusu ulinzi wa ardhi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawanywa kinyume cha sheria, na viwanja vya wazi vya miji vilikuwa katika orodha hiyo. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park mwaka 1989, na baadaye kusimama na wenzake kuutetea msitu wa Karura, hawakushinda kwa sababu ofisi fulani ilikuwa macho. Walishinda kwa sababu kulikuwa na watu walioona sehemu hizo ni zao. Mtu aliyepanda mti wa siala upande wa barabara na kuumwagilia ataiona bikoni mpya, ile alama ya mpaka wa kiwanja, siku inayochomekwa, na ataipigia kelele. Ulinzi wa namna hiyo hakuna bajeti inayoununua.

Sasa upande wa pili, ambao husemwa kwa sauti ya chini kwa kuogopa kuonekana mtu wa kukatisha tamaa.

Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Nyasi na magugu hapa havingoji Jumamosi ya pili ya mwezi. Tumeona pia ni kazi gani huvuta watu: tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa mapumziko ya kupanda miti, katika mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hakuna aliyetangaza siku ya kumwagilia miche hiyo Januari, jua linapochoma. Kupanda kuna picha, kupalilia hakuna. Wanafunzi wa chuo kikuu chenye jina la Muliro wangekuwa nguvu kubwa, lakini wakifunga muhula wanarudi kwao, na bustani haiendi likizo.

Kuna na suala la ujuzi. Fyekeo likigonga shina kila wiki linachubua gome, na mti uliochubuliwa kuzunguka shina lote hufa taratibu hata kama matawi yanaonekana mazima. Kupogoa mti mkubwa juu ya njia ya watu ni kazi ya fundi mwenye kamba na bima. Nia njema haimkingi mtu na tawi linaloanguka.

Linaloniuma zaidi ni hili la ujira. Mwaka 2020, wakati wa korona, mpango wa Kazi Mtaani uliwalipa vijana shilingi 455 kwa siku katika awamu yake ya pili kwa kufyeka, kuzibua mitaro na kusafisha mitaa. Haikuwa pesa nyingi, lakini ilikuwa unga na nauli. Kijana huyo leo akiambiwa kazi ileile afanye bure, kwa uzalendo, tunamwomba yeye atoe alichokosa. Mwenye mshahara anaweza kutoa asubuhi moja na akarudi nyumbani kula. Kibarua hawezi. Kikundi cha kujitolea kikiwa kisingizio cha kutomwajiri mtunza bustani, basi kimemdhulumu maskini kwa jina la wema.

Na nani atakuwa na sauti pale? Kuna wakati Bustani ya Muliro ilivuma nchini kwa picha za wapenzi zilizosambazwa mitandaoni, si kwa miti yake. Naelewa aibu iliyowapata wenyeji. Lakini watu waliokuja kung'oa magugu wakianza kuwafukuza wapenzi, chokoraa au mtu aliyelala kwenye nyasi kwa uchovu, hiyo si bustani ya umma tena. Anayejitolea hana mamlaka ya kumhoji yeyote aliyekaa pale, na aambiwe hivyo mapema.

Mfano wa kuiga uko karibu. Katika msitu wa Kakamega, chama cha jamii cha Muileshi hufanya kazi na Shirika la Huduma za Misitu chini ya sheria iliyotungwa 2005 na kuandikwa upya 2016. Wanajamii wanalinda, na kwa makubaliano ya maandishi wanapata haki kama kuokota kuni. Karura nako kikundi cha marafiki wa msitu kimesaidia kuugeuza mahali palipoogopwa kuwa mahali pa familia. Hata hivyo mwaka 2025 mvutano kuhusu ada za langoni ulifika mahakamani. Panapoingia pesa, urafiki peke yake hautoshi.

Bustani ya katikati ya mji haina kuni za kugawa, na langoni kusiwe na ada, kwa kuwa thamani yake ni mama aliyetoka hospitalini kukaa kivulini bila kuulizwa risiti. Kwa hiyo malipo ya wanaojitolea yawe sauti. Kaunti isaini nao mkataba wa mwaka mmoja, ubandikwe langoni: watunza bustani walioajiriwa ni wangapi, maji na vifaa vinatoka wapi, na kwamba hakuna mti utakaokatwa wala kibanda kitakachojengwa kabla kikundi hakijaarifiwa na kusikilizwa. Wao wachukue kitalu cha miche, vitanda vya maua, na kazi ya kuwaeleza watoto wa shule Muliro alikuwa nani. Kufyeka na kumwagilia kila siku kubaki kwa mwenye mshahara. Na kaunti ikipunguza mtunza bustani hata mmoja kwa kuwa sasa kuna watu wa bure, kikundi kiweke majembe chini siku hiyohiyo.